Aina ya Ngozi na Matunzo ya Uso

Ngozi ya uso inatofautiana na ya sehemu nyingine za mwili kwa mambo mawili makubwa: ina tezi nyingi zaidi za mafuta, na haivikwi nguo. Tezi hizo zimesongamana kwenye paji la uso, pua na kidevu, nazo hutoa mafuta mazito yanayopanda kupitia vinyweleo hadi juu. Yakikutana na jasho, mafuta hayo hufanya utando mwembamba wenye uchachu kidogo. Kwenye kipimo cha pH, ambapo maji safi yana 7, uso wenye afya huwa kati ya 4.5 na 5.5. Uchachu huo huwafaa vijidudu wasio na madhara wanaoishi juu ya ngozi, na huwasumbua wale wanaoleta maradhi.

Chini ya utando kuna tabaka la nje la ngozi yenyewe. Limejengwa kwa seli zilizokufa, zilizopangwa safu juu ya safu na kushikanishwa na mafuta ya aina tatu: seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ni jembamba kuliko karatasi ya daftari, lakini ndilo linalozuia maji ya mwili yasivukize na vitu vya nje visipenye. Mafuta hayo matatu yakipungua kwa uzee, kwa hewa kavu au kwa sabuni kali, maji hutoroka, ngozi hukakamaa, hupauka na kuwasha. Seli mpya huzaliwa chini na kusukumwa juu. Kwa kijana safari hiyo huchukua takriban wiki 4, na kwa mzee huzidi. Ndiyo maana kipodozi kilichotumiwa siku tano kikaachwa hakijajaribiwa.

Baada ya utando na tabaka la nje, jambo la tatu ni rangi. Weupe na weusi wana takriban idadi ileile ya seli zinazotengeneza melanini. Kinachotofautiana ni wingi na ukubwa wa vifuko vya rangi vinavyotolewa na seli hizo, na jinsi vinavyosambazwa. Kwenye ngozi nyeusi seli hizo hushtuka upesi. Chunusi, mkwaruzo, upele, kuungua kwa dawa: chochote kinachoiwasha ngozi huzifanya zimwage melanini zaidi mahali palipoumia, na doa hubaki kwa miezi baada ya kidonda chenyewe kupona. Mara nyingi kinachomkera mtu si chunusi, ni doa lake. Kwa hiyo kanuni inayotawala sura hii yote ni moja: utaratibu unaofaa ni ule usioiwasha ngozi. Aina ya ngozi huamua kitumike kitu gani. Kanuni hii huamua vitumike vingapi, na vikali kiasi gani.

Kuitambua ngozi

Mgawanyo wa ngozi kavu, ya kawaida na ya mafuta ulienezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na wauza vipodozi, Helena Rubinstein akiwa miongoni mwa waliotangulia, na umedumu kwa sababu unasaidia. Usichanganywe na ule wa Thomas Fitzpatrick, daktari wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1975 alianza kuzipanga ngozi kwa madaraja kufuatana na jinsi zinavyoungua au kuiva kwa jua. Fitzpatrick alianza na ngozi nyeupe peke yake. Madaraja ya ngozi nyeusi yaliongezwa baadaye. Wala hakuzungumzia mafuta. Ngozi ya daraja la sita, yaani nyeusi kabisa, inaweza kuwa kavu au ikameremeta.

Kuijua aina ya uso hakuhitaji mashine za saluni. Jioni, uso huoshwa kwa maji ya vuguvugu na kisafishio laini, hukaushwa kwa kubonyezwa taulo bila kusuguliwa, kisha huachwa saa nzima bila kupakwa chochote. Saa hiyo ikipita, ngozi kavu huvuta, hasa mtu akitabasamu; mashavu na pembe za mdomo hupauka, na ukucha ukipitishwa taratibu huacha mstari mweupe. Ngozi ya mafuta humeremeta uso mzima, na karatasi ya shashi ikibonyezwa shavuni hutoka na doa linalopenyeza mwanga. Ngozi ya mchanganyiko hutoa doa hilo kwenye paji, pua na kidevu tu, mashavu yakiwa makavu au ya wastani. Ngozi ya kawaida haivuti wala haimeremeti, na mwenye nayo hana haja ya kusoma zaidi ya nusu ya sura hii.

Unyeti si aina ya tano. Ngozi nyeti ni ile inayochoma, kuwasha au kuvimba kwa vitu ambavyo wengine hata hawavihisi, nayo yaweza kuwa kavu au ya mafuta. Mara nyingi mtu hakuzaliwa nayo. Imetengenezwa na vipodozi. Uso unaochoma kwa kila kinachopakwa, hata losheni ya mtoto, kwa kawaida umekwanguliwa tabaka lake la nje. Dawa yake ni kuacha vyote isipokuwa kisafishio laini, kilainishi kisicho na manukato na kinga ya jua, kwa wiki 4 hadi 6. Watu wengi huona ushauri huu kuwa mwepesi mno kuwa wa kweli, wakaenda kununua seramu ya saba.

Aina ya ngozi hubadilika pia. Balehe huongeza mafuta kwa sababu homoni za androjeni huziamsha tezi. Ukomo wa hedhi huyapunguza. Anayehama kutoka Dar es Salaam au Mombasa, kwenye unyevu wa bahari, kwenda Njombe au Nairobi mwezi Juni, hukuta uso uliokuwa ukimeremeta sasa unapauka. Anayeishi Muscat hushinda kwenye kiyoyozi kinachokausha hewa, na aliye Toronto hukutana na hita za majumbani msimu wote wa baridi. Tena ngozi ya mafuta yaweza kukosa maji, ikawa inameremeta na kuvuta kwa wakati mmoja. Mwenye hali hiyo hudhani anahitaji sabuni kali zaidi, kumbe sabuni ndiyo iliyomfikisha hapo.

Kuosha

Sabuni ya kipande, iwe ya kuogea au ya mche, hutengenezwa kwa mafuta na kostiki soda, na pH yake huwa 9 hadi 10. Ikigusa uso huondoa uchafu pamoja na yale mafuta yanayoshikanisha seli, na uchachu wa ngozi huchukua muda kurudi. Ule mvuto unaosikika baada ya kuosha, ambao wengi huuita usafi, ni ukavu. Povu jingi halithibitishi chochote. Kinachofaa ni kisafishio cha uso cha jeli au krimu kisicho na sabuni wala manukato makali. Si lazima kiwe cha bei, kwa sababu hukaa usoni nusu dakika kisha humwagwa na maji. Anayebana matumizi apunguze hapa, si kwenye kinga ya jua.

Mwenye ngozi ya mafuta huosha asubuhi na jioni kwa jeli, na mara ya tatu akitoka mazoezini au akitokwa jasho jingi. Mwenye ngozi kavu hutumia kisafishio cha krimu jioni tu. Asubuhi maji yanatosha. Mwenye mchanganyiko hufuata wa kwanza, ila kwa jeli laini zaidi. Maji yawe ya vuguvugu au ya baridi kwa wote. Aliyejipodoa au kupaka losheni ya jua isiyotoka kwa maji huitoa kwanza kwa mafuta mepesi ya kusafishia, ndipo aoshe.

Anayetawadha kwa swala tano hupitisha maji usoni mara nyingi kuliko vitabu vyote vya urembo vinavyoshauri. Maji matupu hayana madhara ya sabuni, lakini yakiachwa yavukize yenyewe huondoka na sehemu ya unyevu wa ngozi. Mwenye ngozi kavu hufaidika akiubonyeza uso kwa taulo na kupaka losheni kidogo wakati ungali na majimaji. Kinga ya jua iliyopakwa asubuhi hupungua kwa udhu wa adhuhuri, na huo ndio wakati mwafaka wa kuirudia, kwa kuwa jua lingali kali hadi alasiri.

Kusugua ndiko kunakoharibu nyuso nyingi. Dodoki ni la mgongo na magoti. Skrabu za sukari, mchele uliosagwa au kokwa, ambazo kwenye saluni husuguliwa kwa bidii hadi mteja aone uso umekuwa mwepesi, huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, na kila mkwaruzo kwenye ngozi nyeusi ni doa linaloweza kuja. Chunusi zikiwepo, skrabu huzipasua.

Pwani na visiwani upo utamaduni mkongwe kuliko chupa zote hizi. Singo, mchanganyiko wa maua, viungo na manukato anaosingwa bibi harusi Zanzibar, ni ya mwili, na chembechembe zake ni kubwa mno kwa mashavu. Liwa ni jambo jingine. Msandali husagwa juu ya jiwe kwa maji au marashi ya mawaridi hadi upatikane uji mzito, ukapakwa usoni na kuachwa ukauke. Hupooza na kunyonya mafuta, na mwenye ngozi ya mafuta anaweza kuupaka mara moja kwa wiki. Ni bora uoshwe ungali na unyevu kidogo kuliko kusubiri upasuke na kuvuta ngozi, kisha kilainishi kifuate. Ngozi kavu hauifai sana, na wapo wachache ambao msandali huwatoa vipele.

Kulainisha

Vilainishi vyote, vya bei nafuu na vya bei ya kutisha, hufanya kazi tatu. Baadhi ya viambato huvuta maji na kuyashika kwenye ngozi: gliserini, urea, asidi ya hialuroniki. Vingine hujaza nafasi kati ya seli ili ngozi iwe laini, kama seramaidi na siagi ya shea, ambayo ile ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Vingine hufunika ili maji yasitoroke. Krimu nzuri huwa na vyote vitatu, na tofauti kati ya ya ngozi kavu na ya ngozi ya mafuta ni kipimo tu.

Hakuna kinachofunika kushinda mafuta ya mgando, ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872. Hayana maji ndani yake. Yakipakwa juu ya ngozi iliyokwisha kukauka hufunga ukavu humohumo, ukang'aa tu. Yanafaa yakipakwa ndani ya dakika mbili tatu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na majimaji, au yakitandazwa juu ya tone la gliserini iliyochanganywa na maji. Gliserini tupu haipakwi bila maji kwenye hewa kavu, kwani ikikosa unyevu angani huuvuta kutoka kwenye ngozi. Mchanganyiko huu wa gharama ndogo unamtosha mwenye ngozi kavu wa Mbeya au Nyeri msimu wote wa baridi. Mwenye ngozi ya mafuta wa Tanga, kwenye joto na unyevu, atauona mzito. Yeye hutafuta losheni nyepesi au jeli, hasa yenye niasinamidi, aina ya vitamini B3 inayotuliza ngozi, kupunguza mng'aro na kufifisha madoa polepole. Kuacha kabisa kupaka losheni kwa kuogopa mafuta ni kosa. Mwenye mchanganyiko anaruhusiwa kupaka vitu viwili kwenye uso mmoja, krimu mashavuni na jeli kwenye paji.

Mafuta ya nazi yana sifa nyingi jikoni na kwenye nywele, lakini kwenye uso wenye tabia ya chunusi huelekea kuziba vinyweleo. Na yale ya nywele hayabaki kwenye nywele. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi wa Marekani, akiwemo Albert Kligman, walieleza chunusi zinazojipanga kwenye paji la uso na kando ya masikio kwa wanaume weusi waliokuwa wakipaka mafuta mazito kichwani. Mpangilio huohuo huonekana leo kwa waliosukwa nywele na kulainishwa ngozi ya kichwa kila siku: mashavu masafi, paji limejaa vipele vidogo. Kabla ya kununua dawa yoyote, mafuta hayo husogezwa mbali na ukingo wa nywele na foronya hufuliwa.

Jua

Melanini ni kinga, lakini ina mpaka. Ngozi nyeusi sana ina uwezo wa asili unaokadiriwa kuwa sawa na SPF 13, na ndiyo sababu saratani ya ngozi inayosababishwa na jua ni adimu kwa weusi. Adui mkubwa zaidi kwao ni madoa. Doa la chunusi lililokuwa lififie ndani ya miezi michache hukolezwa upya kila siku linapopigwa na jua, na mabaka ya ujauzito ni vigumu kuondoka bila kinga hata yapakwe nini. Karibu na ikweta kipimo cha mionzi ya jua hufika 11 na zaidi, ambalo ni daraja la juu kabisa, na kila mita 1,000 za mwinuko huongeza mionzi kwa takriban asilimia 10. Baridi ya Arusha au ya Limuru haimaanishi jua dogo.

SPF hupima kinga dhidi ya mionzi inayounguza. SPF 30 huzuia asilimia 97 hivi ya mionzi hiyo, na SPF 50 asilimia 98. Tofauti ni ndogo kuliko bei zake zinavyodai. Kilicho muhimu ni kiasi. Vipimo vya maabara hutumia miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, na kwa uso na shingo hiyo ni sawa na mistari miwili ya losheni iliyojaa kutoka ncha hadi mwanzo wa kidole cha shahada na cha kati. Anayepaka tone moja la SPF 50 anapata kinga ndogo mno. Mionzi inayopenya ndani zaidi, ile ya UVA, haipimwi na namba ya SPF, kwa hiyo chupa iwe imeandikwa kwamba inakinga UVA pia. Mionzi hiyo hupita kwenye vioo vingi. Dereva wa lori au daladala mara nyingi huwa na upande mmoja wa uso mweusi kuliko mwingine.

Weusi wengi huzikataa losheni hizi kwa sababu ya ule weupe wa majivu unaoachwa na zinki oksaidi na titani dioksaidi. Malalamiko hayo ni ya haki. Zipo zisizo na weupe, na zipo zenye rangi ya kahawia iliyotokana na oksaidi za chuma. Hizi za rangi zina faida ya ziada: mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao huikoleza ngozi nyeusi, na oksaidi za chuma ndizo zinazouzuia. Mwenye mabaka achague hizo. Kwa ngozi ya mafuta, losheni nyepesi ya jua yenyewe hutosha kuwa kilainishi cha asubuhi. Asiyemudu bei, na bei ni kubwa kweli, ana kofia pana, mtandio na mwavuli, ambavyo hudumu miaka.

Kwa watu wenye ualbino hili si suala la urembo. Hawana melanini ya kuwakinga, na saratani ya ngozi huwaua wengi wakiwa bado vijana. Mjini Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili yao, nayo hugawiwa bila malipo.

Chunusi, madoa na ndevu

Utaratibu wa msingi ni huo: kuosha, kulainisha, kukinga. Dawa huongezwa pale penye sababu. Chunusi hutokea mafuta yanapozidi, seli zilizokufa zikaziba kinyweleo, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes akaongezeka ndani na mwili ukajibu kwa uvimbe. Kila dawa hushika sehemu moja au mbili za mlolongo huo. Asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2 huyeyuka kwenye mafuta, hivyo huingia ndani ya kinyweleo na kukizibua. Inafaa penye vichwa vyeusi na vyeupe. Benzoili peroksaidi huua bakteria, na ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10 huku ikiwasha kidogo, ila hupausha taulo na mashuka. Asidi ya azelaiki hupunguza chunusi na madoa kwa pamoja, na mjamzito anaweza kuitumia. Kwa ngozi nyeusi inastahili kujulikana zaidi kuliko ilivyo sasa.

Dawa zenye nguvu zaidi ni jamii ya vitamini A, kama adapaleni na tretinoini. Kligman ndiye aliyeipa tretinoini umaarufu mwaka 1969, na jina lake haliwezi kutajwa bila kukumbuka kwamba kwa zaidi ya miaka 20 alifanya majaribio kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, wengi wao weusi. Dawa hizi hupakwa usiku tu, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, usiku mbili kwa wiki mwanzoni, juu ya kilainishi ikiwa ngozi ni kavu au nyeti. Anayeanza kwa kila siku huishia na uso uliobabuka na madoa mapya. Mjamzito, au anayetarajia kuwa mjamzito, hazitumii kabisa. Matokeo huonekana baada ya wiki 8 hadi 12. Dawa mbili hazianzishwi pamoja. Ya pili husubiri wiki mbili au zaidi, ili vipele vikitokea ijulikane vimeletwa na dawa ipi. Kila kitu kipya hupakwa kwanza nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko kwa siku kadhaa.

Ndimu na limau havina nafasi usoni. Vina uchachu mkali kuliko ngozi, na maji yake yakikutana na jua huunguza na kuacha mabaka ya kahawia. Dawa ya meno huunguza vilevile. Kuminya chunusi husukuma uchafu ndani zaidi, na hapo ndipo makovu yanapozaliwa.

Vipele vya ndevu mara nyingi hutibiwa kama chunusi bila mafanikio, kwa sababu si chunusi. Unywele uliojikunja ukikatwa karibu mno na ngozi huchongoka, ukajipinda na kurudi kuchoma ndani. Wembe wenye makali mengi na kunyoa kinyume cha uelekeo wa ndevu huzidisha. Mashine inayobakiza kama milimita 1 huondoa tatizo kwa wengi. Ile spiriti inayopakwa kwenye vibanda vya kinyozi baada ya kunyoa, ikifuatiwa na taulo la moto na kusuguliwa, huwasha ngozi iliyokwisha kujeruhiwa. Maji baridi na losheni isiyo na manukato vinatosha. Mashine isiyosafishwa kati ya mteja na mteja ni sababu ya kubadili kinyozi.

Mkorogo

Wengi huanza na doa na kuishia kwenye mkorogo. Krimu za kujichubua hutegemea vitu vitatu: zebaki, haidrokwinoni na steroidi kali kama clobetasol. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kuleta weusi wa kijivubuluu mashavuni usioondoka, kinyume cha kilichotafutwa. Steroidi hung'arisha haraka, kisha huifanya ngozi kuwa nyembamba, yenye mishipa inayoonekana na chunusi zisizoisha, na kila mara mtu anapojaribu kuacha, uso huwaka moto. Afrika Kusini iliondoa haidrokwinoni kwenye vipodozi mwaka 1990, Kenya ikapiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni mwaka 2001, na Tanzania na Rwanda nazo zimekataza. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walidhurika kwa sumu ya zebaki, ulilenga kuziondoa sokoni krimu za zebaki kufikia 2020. Bado zinauzwa.

Lebo husema mengi kwa anayeisoma. Maneno calomel, mercuric au mercury ni zebaki. Onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha au alumini ni dalili ya zebaki hata kama haikutajwa. Kopo lililochanganywa dukani, lisilo na orodha ya viambato, tarehe wala mtengenezaji, halistahili kupakwa usoni. Krimu inayoahidi matokeo ndani ya siku saba inasema uongo au ina steroidi.

Aliyekwisha kutumia krimu ya steroidi kwa miezi asiiache ghafla peke yake. Hupunguziwa na daktari. Kituo cha kufundisha madaktari wa ngozi cha kanda kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwepo tangu 1992, na waliosomea hapo wanahudumu katika nchi nyingi za Afrika. Daktari huhitajika pia kwa chunusi kubwa zenye maumivu zinazoacha mashimo, kwa zile zisizopungua baada ya miezi mitatu ya dawa za dukani, kwa mwanamke ambaye chunusi zimekuja pamoja na hedhi iliyovurugika au nywele kidevuni, na kwa vipele vinavyowasha vyenye ukubwa mmoja kwenye paji, ambavyo mara nyingi huletwa na fangasi na havisikii dawa ya chunusi. Kwa mtu mwenye ualbino, kidonda cha usoni kisichofunga ndani ya mwezi mmoja hakisubiri losheni, kinapelekwa hospitali.